Injini Zilizozimwa Mteremkoni

Mguu wa kushoto wa Mithika ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Akipita katika soko la Laare na mzigo wa miraa, bega moja hupanda na jingine hushuka, na wauzaji humtambua kabla ya kuuona uso wake. Mguu huo aliuvunja akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, asubuhi moja alipokuwa akiwahi soko kabla majani hayajanyauka. Katika kona iliyofunikwa na vumbi aliingia na pikipiki yake chini ya tela la lori. Mfupa ulitoboa ngozi, kisha ukatoboa suruali. Waliomvuta kutoka chini ya tela walimvuta kwa mguu huo huo.

Katika wodi ya mifupa alilazwa kitanda cha katikati, karibu na dirisha. Kulia kwake alikuwa Jamaldin, mwuza nyama wa Makutano, ambaye gari lilimsaga magoti yote mawili mbele ya bucha yake mwenyewe. Kushoto alikuwa Nyamu, fundi wa pikipiki kutoka Embu, aliyekuwa ameleta pikipiki ya mteja akasukumwa na basi hadi kwenye mtaro wa mawe. Walikaa hapo wiki kumi na moja, miguu ikining'inia kwa kamba na vizito. Kila mara mhudumu alipouinua mguu wa mmoja ili ausafishe, wawili waliobaki walipiga mayowe kwa niaba yake, na mwenye mguu akalazimika kucheka katikati ya maumivu. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza.

Walitoka wodini wakiwa na vyuma ndani ya mifupa. Mwezi wa Julai ulipofika, baridi ya mlimani ilivipata vile vyuma, na kila mmoja nyumbani kwake hakupata usingizi. Nyamu ndiye aliyepiga simu akasema kwamba ikiwa ni lazima waumwe, heri waumwe wakiwa barabarani. Tangu hapo, kila Julai, walichukua siku nne wakazunguka milima: Embu hadi Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu na Makutano, kisha Mikinduri, halafu mzunguko wa vilima vya Nyambene hadi Laare kwa Mithika, ambako mkewe Karambu aliwangojea na maji ya moto ya kukanda miguu.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Nyamu alibeba spana na mipira ya akiba. Jamaldin alibeba visu vitatu vya kazi, kamba na gunia safi, kwa maana siku ya tatu walinunua mbuzi njiani, naye hali nyama ambayo hakuona ikichinjwa. Mithika, aliyezijua barabara, ndiye aliyetangulia na kutoa ishara. Mkono ukinyooka kando, kuna shimo. Ngumi ikiinuliwa juu, zimeni injini.

Kuzima injini mteremkoni ni desturi ya waendesha pikipiki wengi wa sehemu hizi, ili kubana petroli. Mithika aliipata katika miaka ya kubeba miraa na hakuiacha. Nyamu, kwa kuwa ni fundi, alimweleza kila mwaka kwamba kinachookolewa kwenye tangi hulipwa kwenye breki. "Wewe Mithika," alimwambia, "unaendesha pikipiki kama mtu aliyeiazima." Hata hivyo ngumi ilipoinuliwa, naye alizima. Walipenda ule ukimya, matairi tu yakinong'ona juu ya lami na upepo masikioni.

Winrose, mke wa Nyamu, hakuipenda safari hiyo hata kidogo. Kila mwaka aliwasindikiza hadi langoni pale Embu, akamwambia Mithika maneno yale yale.

"Shemeji, unamchukua na mguu mmoja mzima na mwingine wa chuma. Nirudishie yote miwili."

Mithika naye alijibu kwamba atamrudisha mwenyewe, mpaka hapo langoni. Mara saba alifanya hivyo.

Safari ya nane, siku ya tatu, waliondoka Mikinduri alfajiri. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu jana yake, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa ya mbele ilimulika weupe mtupu. Walikuwa wamevaa makoti makubwa ya mvua na, chini ya kofia ngumu, kofia za sufu zilizofunika uso wote na kuacha macho peke yake. Matope yalikuwa yamezifunika namba za pikipiki. Walipanda kwa muda mrefu, wakafika juu ya mteremko unaoshuka kuelekea kijiji kimoja kidogo cha wakulima wa chai na miraa, na hapo Mithika akainua ngumi. Injini tatu zikanyamaza.

Hawakujua yaliyotokea kijijini humo. Mara tatu katika miezi miwili, kabla ya kupambazuka, wezi walikuwa wameshuka kwa mteremko huo na pikipiki zilizozimwa. Hawakuiba ng'ombe wakiwa hai. Waliwachinja zizini, wakatia nyama katika magunia, wakaacha kichwa na ngozi. Mara ya mwisho waliingia kwa kijana mmoja aitwaye Muthamia, wakamchinja ng'ombe wake aliyekuwa karibu kuzaa. Asubuhi Muthamia alimkuta ndama nyasini, ametupwa kando kama takataka, bado ana unyevu. Jirani aliyetoka na tochi siku hiyo alikatwa panga shingoni, akafa mbele ya mlango wake. Baada ya mazishi, watu wa kijiji walikubaliana kwamba filimbi ikilia, hakuna atakayebaki ndani ya nyumba. Wakalaza gogo kando ya barabara, tayari kusukumwa.

Pikipiki ya Nyamu ilikuwa nzito kuliko za wenzake, na katika mteremko huo ilizidi kasi. Alimpita Mithika akiwa amenyoosha miguu yote miwili hewani kama anayebembea, akamtania kwamba leo kiongozi ameachwa. Ukungu ukammeza. Filimbi ililia mara moja tu, ndefu. Kisha ukasikika mshindo wa chuma juu ya mbao, na mlio mwingine laini zaidi, wa mwili ukigonga barabara.

Mithika alikanyaga breki, akaanguka, akateleza hadi kwenye gogo. Alipoinua kichwa, Nyamu alikuwa amelala chali upande wa pili, kofia ngumu imemtoka, na watu walikuwa wakitoka ukunguni kutoka pande zote wakiwa na marungu, mapanga na majembe. Hawakuuliza kitu. Wa kwanza kumfikia Nyamu alimpiga mbavuni kwa mpini wa jembe, na wa pili akampiga mahali pale pale.

Jamaldin alikuwa amesimama salama. Angeweza kugeuza pikipiki, lakini aliiacha ianguke, akakimbia kuelekea kwa Nyamu, mikono juu, akisema kwamba wao ni wasafiri. Rungu lilimpata kwenye mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Alipopiga magoti, mtu alimpasua paji la uso kwa jiwe. Damu ilishuka ikamfunga macho, na tangu hapo hakuona kitu tena.

Marafiki hawa watatu hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kwa muda wote wa urafiki wao walizungumza Kiswahili, na hofu ilipowashika walipiga kelele kwa Kiswahili. Nyamu alipomwita mama yake, alimwita kwa Kiembu. Kwa hiyo kilichosikika mahali pale kilikuwa ni sauti za wageni. Kisha mtu akafungua mfuko wa Jamaldin.

Visu vitatu vilitolewa kimoja kimoja, vikainuliwa juu ili wote wavione. Kisha kamba, kisha gunia. Mwanamke mmoja, mjane wa yule jirani aliyeuawa, alikichukua kisu kirefu, akakitazama, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Mapigo yalirudi mara mbili zaidi. Mtu alipiga magoti kando ya pikipiki ya Nyamu, akachomoa mpira wa petroli chini ya tangi, akakinga jagi la plastiki. Mafuta yalitoka kwa uzi mwembamba, na walioshika viberiti walingoja.

Mithika alijaribu kutambaa. Mtu alimpiga kwa chuma kwenye mguu wa kushoto, juu ya kile chuma kingine kilichomo ndani, na maumivu hayo yakamng'oa Kiswahili chote kinywani. Alilia kwa lugha ya kwao, ambayo ndiyo ya kijiji kile pia. Alimtaja baba yake, na baba wa baba yake, na ukoo wao wa huko Igembe.

Mzee mmoja aliyekuwa ameinua panga aliliacha hewani. Jina lake ni Kaimenyi. Aliuliza kwa sauti ya chini, huyu amesema ukoo gani. Mithika akautaja tena. Mzee alilitupa panga nyuma yake, mbali, kama kitu kilichomchoma mkono.

"Acheni," alisema. "Huyu ni gichiaro wangu."

Gichiaro ni undugu uliofungwa kwa kiapo zamani kati ya koo mbili, na watoto wa koo hizo huzaliwa nao. Mtu hamwagi damu ya gichiaro wake, hamdanganyi, wala hamnyimi kitu alichomwomba. Vijana wengi siku hizi hucheka habari hizo. Lakini wazee waliokuwa pale walirudi nyuma hatua moja, na vijana walipowaona wazee wakirudi, nao wakasita.

Kaimenyi aliinama juu ya Mithika. Aliuliza wale wawili ni wa ukoo gani.

Neno moja la uongo lingetosha. Angeweza kusema kwamba ni ndugu zake. Lakini mbele ya gichiaro uongo haukumjia ulimini, na labda ungejulikana mara moja.

"Hawana ukoo huku," alisema. "Yule ni Mwembu. Huyu amezaliwa Makutano, babu zake walitoka mbali na hata yeye hajui wapi. Visu ni vya kazi yake. Anauza nyama."

Kelele zilianza upya. Mtu alisema kwa ukali kwamba hata wezi wale walikuwa wakiuza nyama. Mithika alimshika Kaimenyi kifundo cha mguu.

"Gichiaro, sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Nipe hawa wawili."

Kaimenyi akavua koti lake kuukuu la mvua, akaenda polepole hadi alipolala Nyamu, akamfunika nalo kuanzia kifuani hadi magotini.

"Nimempa," aliwaambia watu. "Nimempa wote wawili. Atakayewagusa sasa amegusa kitu changu."

Jagi la petroli liliwekwa chini. Mwenye kiberiti alikirudisha mfukoni. Ndipo kijana mmoja akapita katikati ya wazee wawili, akiwa ameshika komeo la chuma la mlango wa zizi, na kabla mtu hajanena akalishusha kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Nyamu. Alikuwa Muthamia. Alikuwa pia mwana wa Kaimenyi. Aliinua komeo mara ya pili, na baba yake akaliita jina la mwanawe, akajitupa juu ya Nyamu, na pigo hilo likamshukia mzee begani.

Mithika aliyaona hayo yote kutoka hatua nne. Hakuna mgeni mwingine aliyeyaona.

Watu wale wale waliowapiga ndio waliowabeba. Waliwalaza katika pikapu ya kubebea chai, na mjane yule akakishika kichwa cha Nyamu mapajani mwake njia nzima, kitenge chake kikilowa. Nyamu hakuzinduka. Siku ya nne alikufa, katika hospitali ile ile, ghorofa moja juu ya wodi walimokutana.

Winrose alikuja kumchukua mumewe. Hakulia mbele ya Mithika. Alimwuliza swali moja tu, nani. Mithika, akiwa na mguu uliovimba kama gogo, alimwahidi kwamba siku ya Jumatatu angeandikisha maelezo kwa polisi, na jina hilo lingekuwa la kwanza. Polisi walikuwa wamezunguka kijiji kizima na kuambiwa na kila mtu kwamba kulikuwa na ukungu.

Jumapili Kaimenyi alifika Laare. Alikuja peke yake, bega limefungwa kitambaa, akiwa na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba kama inavyofungwa ya kumpelekea mtu heshima. Karambu alimpa kiti na chai, na chai ikapoa bila kuguswa. Mzee alizungumza kwanza juu ya mvua. Kisha akaeleza habari za yule ng'ombe, na ndama aliyekutwa nyasini, na jinsi Muthamia alivyokaa siku mbili bila kula. Mwisho akakiweka kile kitita magotini mwa Mithika.

"Gichiaro, uliniomba nikakupa. Leo ni mimi. Naomba usilitaje jina la mwanangu."

Mithika alikitazama kitita kile. Alijua tangu alipomwona mzee langoni kwamba ombi ni hilo. Jamaldin, aliyekuwa amekuja kumjulia hali na mkono wake ukiwa ndani ya plasta, alianza kunyanyuka kwa hasira, kisha akaketi tena, kwa maana yeye hakuona kitu, na jina la kusikia tu si ushahidi.

"Nimekupa," Mithika alisema. "Sitalitaja. Kwa polisi wala kwa mjane."

Kaimenyi alifumba macho. Alikuwa ameanza kushukuru Mithika alipomkatiza.

"Sijamaliza. Ulinipa watu wawili, gichiaro. Mmoja aliuawa akiwa tayari ni wangu, chini ya koti lako. Kwa hiyo nami naomba. Mpeleke Muthamia polisi wewe mwenyewe, kwa mguu wako, na useme wewe."

"Umeniomba mwanangu."

"Nimekuomba mwanao."

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni, na wote watatu walilisikiliza shoka hilo hadi liliponyamaza. Kaimenyi hakulia wala hakubishana. Aliichukua chai iliyopoa, akainywa yote, akaiweka bilauri chini.

"Kesho," alisema.

Kesho yake Mithika alikwenda kijijini na pikipiki yake, kwa kuwa mzee aliomba asindikizwe. Muthamia alikuwa na jeraha jeusi kwenye shavu, la bapa la panga la baba yake, na dada zake walikuwa wakilia nyuma ya nyumba. Alipanda katikati, baba yake nyuma, na Mithika akashuka nao mteremko ule ule kuelekea kituo cha polisi. Hakuzima injini. Waliposhuka nusu ya njia, karibu na mahali gogo lilipokuwa bado limelala, Muthamia alisema sikioni mwake, bila chuki:

"Kama mngekuja na kelele namna hii, tungejua ni watu wa njia."

Kituoni Mithika alibaki nje, akishika pikipiki, huku mzee akimwingiza mwanawe kwa kumshika mkono wa shati. Kaimenyi alipotoka peke yake, saa mbili baadaye, alitembea hadi barabarani akapita kando ya Mithika bila kumtazama. Undugu wao haujavunjika, kwa maana hauwezi kuvunjwa, lakini tangu siku hiyo hawajasemezana.

Pikipiki ya Nyamu ilikarabatiwa Makutano. Uma wa mbele ulinyooshwa, tangi likazibwa, na mpira wa petroli ukawekwa mpya. Wiki ya pili ya Agosti Mithika aliipanda kuirudisha Embu. Jamaldin alitaka kwenda naye ila mkono haukumruhusu, naye akakaa kizingitini mwa bucha akimtazama akiondoka. Baridi ilikuwa bado kali. Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, katika kila mteremko injini ilinguruma, na watu waliokuwa mashambani waliinua vichwa kumtazama kabla hajawafikia.

Winrose aliisikia kutoka mbali. Alikuwa amesimama langoni alipofika, kitambaa cheusi kichwani. Mithika alishuka kwa shida, akasimama kwa mguu wake mrefu, akamweleza kwamba aliyeua yuko mikononi mwa polisi, na kwamba jina lake hakulitaja yeye. Amelitaja baba mzazi. Alimweleza pia sababu ya kutolitaja, na kwamba walidhaniwa wezi kwa kuwa walishuka kimya.

Winrose alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mke wa fundi kwa miaka ishirini, na alijua habari za pikipiki na miteremko.

"Na aliyesema mzime injini, shemeji, ni nani?"

Hilo nalo lilikuwa jina, na hakuna aliyekuwa amemwomba alifiche.

"Ni mimi," alisema.

Mkono wa Winrose ulikuwa juu ya komeo la lango. Kisha akafungua ubawa wa kwanza, akazunguka, akafungua na wa pili, ili pikipiki ipate kuingia, naye Mithika akaisukuma ndani.